Kuchapa picha bila tone la maji

GAZETI hili ulilolishika mkononi, ndugu msomaji, limezaliwa na ugomvi wa maji na mafuta. Katika mtambo wa ofseti, ambao ndio unaochapa magazeti yetu, kuna bamba jembamba la alumini lililozungushwa kwenye silinda. Rola moja hulipaka maji, nyingine hulipaka wino wenye mafuta. Palipo na maandishi panakataa maji na kupokea wino; palipo peupe panapokea maji na kuukataa wino. Maji yakizidi, maandishi yanapauka. Yakipungua, ukurasa mzima unachafuka. Kazi kubwa ya mchapaji usiku kucha ni kuamua ugomvi huo, asiachie upande wowote ushinde.

Sasa itakuwaje mtu akikuambia kwamba maji hayo hayahitajiki hata kidogo?

Mimi niliposikia sikuamini. Aliyeniambia ni mzee mmoja aliyefanya kazi ya ofseti mjini Nairobi kwa zaidi ya miaka 30, na mtu wa namna hiyo akisema bamba laweza kuchapa pakavu, ni kama nahodha aseme jahazi laweza kwenda bila bahari. "Njoo uone mwenyewe, bwana mwandishi," akasema. "Lakini uvae nguo kuukuu."

Nikaenda. Nilikwenda Jumamosi sita mfululizo, Januari na Februari, katika kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yake. Mwenyewe ameomba jina lake lisitajwe, kwa hiyo humu nitamwita Mzee, kama wamwitavyo majirani. Niliyojifunza hapo ndiyo nitakayosimulia, pamoja na makosa yangu yote, maana ni makosa hayo yaliyonifundisha.

Jiwe la dobi

Ili tuelewe ajabu ya jambo hili hatuna budi kurudi nyuma hadi Ujerumani ya mwaka 1796. Katika mji wa Munich aliishi kijana aliyeitwa Alois Senefelder, mzaliwa wa mwaka 1771. Baba yake alikuwa mwigizaji, na alipofariki aliwaacha jamaa zake katika dhiki. Kijana akawa anatunga michezo ya kuigiza, lakini gharama za kuichapisha zilimshinda. Akaamua kutafuta njia ya kuchapa mwenyewe kwa bei nafuu.

Senefelder alisimulia baadaye kwamba siku moja mama yake alimtaka aandike orodha ya nguo za kufuliwa. Dobi alikuwa akisubiri, na karatasi haikupatikana. Karibu naye palikuwa na jiwe la chokaa alilokuwa akilifanyia majaribio, naye akaandika orodha hiyo juu ya jiwe kwa wino aliouunda mwenyewe kwa nta, sabuni na masizi. Nguo zilipokwisha kwenda, akajiuliza: je, nikilimwagia jiwe hili asidi, maandishi hayatabaki yameinuka?

Kufikia mwaka 1798 alikuwa amegundua jambo kubwa kuliko hilo. Aliona kwamba hakuna haja ya kulichimba jiwe. Mafuta na maji hayapatani, na kutopatana huko pekee kwatosha kuchapa. Ukichora juu ya jiwe kwa mafuta, kisha ukalilowesha, wino utakwenda penye mchoro tu. Ufundi huo ukaitwa lithografia, yaani kuandika kwa jiwe, na mawe mazuri kuliko yote yalichimbwa Solnhofen, katika jimbo la Bavaria.

Watu wa pwani yetu waliyaona matunda ya ufundi huo zamani. Katika karne ya 19 vitabu vya dini vilivyochapwa kwa mawe huko Bombay vilivuka bahari vikasomwa Lamu, Mombasa na Unguja. Sababu yake haifichiki. Herufi za Kiarabu hushikana na kubadilika umbo, na kuzipanga kwa vipande vya risasi ni kazi ya kuchosha. Kwa lithografia mwandishi wa khati aliandika kwa kalamu yake, maandishi yakahamishiwa jiweni, na msomaji wa ng'ambo akapata mwandiko wa mtu, si wa mashine.

Hapo ndipo ilipo siri ya ufundi huu. Lithografia inachapa mkono. Ndiyo maana wasanii waliupenda. Mhispania Goya, akiwa mzee wa karibu miaka 80 uhamishoni Bordeaux, Ufaransa, alichora juu ya mawe picha zake za mapigano ya ng'ombe mwaka 1825. Mfaransa Toulouse-Lautrec alijaza kuta za Paris kwa mabango ya ukumbi wa Moulin Rouge mwaka 1891. Alama uliyoitia kwa chaki jiweni ndiyo itakayotoka karatasini, hata kama mkono ulitetemeka.

Lakini jiwe ni zito, ni ghali, na linataka mtambo wake maalumu. Viwanda vilipohamia mabamba na ofseti, mafundi wa mawe walizeeka bila warithi. Huko Marekani hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1960 msanii June Wayne alianzisha karakana ya Tamarind mjini Los Angeles ili kufundisha upya kazi iliyokuwa inakufa. Yaani ufundi uliobuniwa na kijana maskini ili aepuke gharama ulikuwa umegeuka kuwa wa wenye nafasi tu.

Silikoni ya fundi wa bafu

Sasa tuje kwenye dawa iliyochukua kazi ya maji. Bila shaka umewahi kuiona. Ni ile gundi laini inayosukumwa kutoka katika mrija, ambayo mafundi huzibia nyufa za masinki na madirisha, yenye harufu kali kama ya siki. Jina lake ni silikoni. Ikikauka huwa kama mpira mwembamba, na ina tabia moja ya ajabu: karibu kila kitu kinakataa kushika juu yake. Rangi hubanduka. Wino vilevile.

Wenye viwanda ndio waliotangulia kuitumia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Marekani ya 3M ilijaribu mabamba yenye utando wa silikoni yasiyohitaji maji, ila hayakudumu sokoni. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Toray ya Japani iliendeleza wazo hilo ikafaulu. Lakini mabamba hayo ni bidhaa ya kiwandani, yanayotayarishwa kwa mitambo ya kiwandani. Msanii mwenye chumba kimoja hakuwa na lake pale.

Aliyelileta jambo hili mezani kwa msanii ni Nik Semenoff, Mkanada wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan, mjini Saskatoon. Mji huo uko katika tambarare za ngano, na baridi yake ya kipupwe hushuka mbali chini ya kipimo cha barafu. Semenoff alijiuliza swali la mtu wa vitendo: kwa nini tusitumie silikoni ya kawaida ya dukani? Kuanzia miaka ya 1990 alieleza njia yake katika maandishi ili yeyote atakaye aijaribu. Vifaa vyake ni bamba la alumini, penseli zinazoyeyuka kwa maji, unga wa tona wa mashine za fotokopi, silikoni ya kuzibia nyufa, na dawa ya kuilainisha.

Angalia jinsi fikira ilivyogeuzwa. Katika njia ya Senefelder, bamba au jiwe hutiwa gundi ya mgunga iliyochanganywa na asidi kidogo ili sehemu tupu zishike maji. Gundi hiyo ni ile ile inayokusanywa Sudan na katika sehemu kame za kaskazini mwa Kenya. Kisha lazima maji yapakwe upya kila mara kabla ya wino. Katika njia ya Semenoff mkataaji ni mmoja tu, na akishapakwa haondoki. Unachora, unapaka silikoni juu ya kila kitu, inakauka, halafu unauosha mchoro kwa dawa yake. Mchoro unapotoka, unaondoka na silikoni iliyokuwa juu yake, na chuma kinabaki wazi. Chuma kitapokea wino. Silikoni itaukataa. Hakuna gundi, hakuna asidi, hakuna sponji.

Ukisoma hivyo waona ni jambo la alasiri moja. Mimi pia niliona hivyo.

Bamba la kutupwa

Karatasi zenye maelezo hayo aliletewa Mzee na mpwa wake, mwalimu wa sanaa. "Mjomba," alimwambia, "wewe una mabamba, mimi nina karatasi. Tuone nani atamfundisha mwenzake."

Mabamba kweli alikuwa nayo. Katika ofseti bamba likishamaliza kazi yake huuzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na Mzee alikuwa amejiwekea rundo ambalo mengine yalikwisha kuziba matundu ya banda la kuku. Jumamosi ya kwanza tuliligeuza bamba upande wa nyuma, usiowahi kuchapa kitu, tukausugua kwa msasa laini na maji, kwa mizunguko midogo midogo, mpaka uso ukaacha kung'aa na kuwa wa kijivu kama anga la asubuhi ya ukungu. Uso unaoteleza hauwezi kuishika silikoni vizuri, wala hauwezi kuivunja alama ya penseli iwe chembechembe. Kisha sabuni, maji mengi, na kukausha. Saa mbili zilipita kabla sijachora chochote, na mikono ikawa inaniuma.

Halafu tukachora. Mzee alichora foleni ya maji ya mtaa wao: kina mama na mitungi mbele ya bomba, tangi limesimama nyuma, mtoto amelala juu ya mtungi mtupu. Mimi nilichora mkungu wa ndizi kwa sababu ndio uliokuwa mbele yangu. Kwa mistari tulitumia penseli. Kwa vivuli tulitumia tona: unga kidogo katika kisahani, maji, na tone moja la sabuni ya vyombo ili unga ukubali kuchanganyika. Ukipaka kwa brashi na kuacha pakauke, tona hutuama kama matope ya dimbwi, na kuacha kingo na mishipa ambayo hakuna mkono ungeweza kuichora. Alama hizo ndizo zinazowavutia wasanii wengi kwa njia hii.

Tona ni unga tu mpaka ipate moto. Huko ng'ambo hutumia meko ya umeme. Sisi tulitumia jiko la makaa, nje kabisa ya kibanda, bamba limeshikwa kwa koleo juu ya joto. Mzee alinionyesha pa kutazama: unga mkavu hauna mng'ao, na ukiyeyuka hung'aa ghafla kama lami iliyonyeshewa. Hapo unaondoa. Chupa ya asetoni ilikuwa mbali, ndani, imefungwa, na jiko lilizimwa kabla chupa haijafunguliwa. "Asetoni haitoi onyo," Mzee alisema. Nami nawaonya wasomaji vilevile: asetoni na moto visikutane, wala usifanye kazi hii katika chumba kisichopitisha hewa.

Makosa yangu matatu

Jumamosi ya pili nilipaka silikoni. Kwanza hulainishwa kwa tapentaini mpaka iwe kama maziwa mazito, kisha hupakwa bamba zima, juu ya mchoro na pasipo na mchoro, na kupanguswa kwa karatasi laini mpaka ubaki utando mwembamba usioonekana. Nikawaza: kama silikoni ndiyo kinga, basi nyingi ni bora kuliko chache. Nikapaka kwa ukarimu.

Tuliiacha ikauke, maana silikoni hukauka polepole kwa kunyonya unyevu wa hewani. Nilipokuja kuosha mchoro kwa asetoni, asetoni haikuweza kupenya. Ngozi yangu nene ilikuwa imeufunika mkungu mzima. Wino ulishika mistari miwili ya penseli na kipande cha shina. Vivuli vyote vya tona, nilivyovitunza kwa saa nzima, vilizikwa hai.

Jumamosi ya tatu nikajirekebisha kupita kiasi. Nikapaka, nikapangusa mno, na kwa kuwa nilitaka kuona matokeo siku ileile nikairusha hewa moto ya mashine ya kukaushia nywele kwa dakika chache na kuendelea. Mzee alinitazama asiseme neno. Rola ilipopita, bamba zima likawa jeusi kama sufuria ya harusi. Silikoni haikuwa imekomaa, nayo ikatoka pamoja na mchoro. "Haraka haraka," Mzee akaanza, na sikumwacha amalize.

Jumamosi ya nne kila kitu kilikwenda sawa. Nilipaka kidogo, nikapangusa sawasawa, nikaliacha bamba lilale usiku kucha kabla ya siku yenyewe. Nikaosha kwa maji, kisha kwa asetoni. Hapa pana hatua ambayo inamtia hofu kila mwanafunzi: mchoro unatoweka. Unabaki na bamba tupu la kijivu, na kazi yako yote imekwenda na kitambaa. Lazima uamini kwamba imo. Nikapitisha rola yenye wino kidogo, mara ya kwanza, ya pili, na mkungu ukaanza kurudi, ndizi moja moja, pamoja na zile kingo za dimbwi. Naungama kwamba nilipiga kelele.

Kwa furaha hiyo nikalinyanyua bamba, na pete yangu ikapita juu yake. Mkwaruzo usioonekana kwa macho ulichapa mstari mweusi katikati ya picha. Silikoni hairehemu, kila inapojeruhiwa chuma huonekana, na chuma kikionekana hupokea wino. Mzee alipaka tone la silikoni juu ya jeraha kwa kijiti, tukangoja. Tangu siku hiyo navua pete nikiingia kibandani.

Kosa la fundi

Usidhani ni mwanafunzi peke yake aliyekosea. Jumamosi ya tano ilikuwa zamu ya picha ya Mzee. Mtambo wetu ulikuwa wa rola mbili za chuma, uliofuliwa na fundi wa jua kali wa Kamukunji: bamba hulala juu ya meza, karatasi juu yake, blanketi juu ya karatasi, na vyote hupitishwa kati ya rola kwa kuzungusha gurudumu. Mzee akabandua karatasi ya kwanza. Kina mama walikuwapo, mitungi ilikuwapo, mtoto amelala. Juu ya tangi, ambapo alikuwa ameandika MAJI kwa herufi kubwa, palikuwa na neno lisilosomeka: I mbele, M nyuma, na J imegeuka inatazama kusiko.

Mzee alikaa kimya, kisha akacheka mpaka akashika meza. Kwa miaka 30 alikuwa ameyatazama mabamba yanayosomeka sawasawa. Katika ofseti bamba haligusi karatasi. Linauhamishia wino mpira uliozungushwa kwenye silinda nyingine, na mpira ndio unaochapa karatasi. Picha hugeuzwa mara mbili, kwa hiyo hurudi ilivyokuwa. Katika mtambo wetu ilikuwa imegeuzwa mara moja tu. Ujuzi wake wenyewe ndio uliomponza. Mpwa wake, aliyekuwa mlangoni, alinyamaza kwa adabu kama dakika moja, kisha akasema, "Mjomba, leo karatasi zangu zimekufundisha."

Bamba likarudishwa kwenye msasa, na foleni ya maji ikachorwa upya, safari hii neno likaandikwa kinyumenyume mbele ya kioo.

Joto ndilo adui

Jumamosi ya sita tulianza saa moja asubuhi, hewa ingali baridi. Mzee aliamua kuchapa nakala 20, si zaidi. Karatasi ya 1 ilitoka safi, ya 2 vilevile. Alinifundisha mwendo wa rola: ukiipitisha polepole inaacha wino, ukiipitisha kwa kasi inauokota. Kwa mkono mmoja unapaka na kusafisha kwa wakati mmoja. Karatasi zilikuwa kavu, na hii ni faida nyingine ya kuacha maji: karatasi isiyolowa haitanuki, na mwenye kuchapa rangi tatu au nne anaweza kuzipatanisha bila zingine kupita mpaka.

Tulipofika nakala ya 12 jua lilikuwa limekwisha yapata mabati. Nakala ya 13 ilikuwa na ukungu wa kijivu pembeni. Ya 14 ukungu ulisogea hadi usoni mwa kina mama. Nilidhani silikoni imekufa. Mzee akagusa wino kwa kidole, akauvuta, ukanyooka kama asali. "Umelegea," akasema.

Hapa ndipo penye udhaifu wa njia hii, na asiyeujua atalilaumu bamba bure. Katika ofseti ya kawaida maji huupoza wino pamoja na kuulinda. Ukiyaondoa, unabaki na wino na joto lake. Wino mgumu hujishikilia wenyewe na kuiacha silikoni. Wino uliolegea kwa joto hauna nguvu ya kujivuta, nao huacha ukungu kila unapopita. Ndiyo maana viwanda vinavyochapa bila maji huzipoza rola kwa kupitisha maji baridi ndani yake. Semenoff alifanya kazi katika nchi ya baridi. Sisi tulikuwa chini ya mabati mwezi wa Februari.

Mzee alichanganya unga wa magnesia katika wino ili kuugumisha. Ulisaidia kwa nakala moja. Kisha akafanya jambo ambalo mwandishi wa gazeti, mwenye kuishi kwa saa ya mwisho, hangelifanya: alizima kazi. Akalisafisha bamba taratibu, akalifunika kwa karatasi, akaniambia nirudi Jumapili kabla ya mapambazuko. Nakala zote zenye ukungu alizichana. Nikamwuliza kwa nini asiziweke, maana si mbaya sana. "Kijana," akasema, "nimechapa mamilioni ya karatasi katika maisha yangu, na nyingi hazikuwa mbaya sana."

Jumapili, kwa taa na mvuke wa pumzi zetu, tulimaliza zilizosalia.

Faida na tahadhari

Baadhi ya wasomaji watauliza: faida yake nini? Kwanza ni afya. Asidi haipo tena, na zile dawa kali za kuandaa mabamba zimepungua. Si kwamba kazi hii haina madhara kabisa. Asetoni na tapentaini bado ni vitu vya kuogopwa, mvuke wake usivutwe, na mikono ivae glavu. Unga wa tona nao usipeperushwe ovyo ukaingia kifuani. Mzee ana kikohozi alichokileta kutoka kazini, na dirisha la kibanda chake halifungwi hata mvua ikinyesha.

Pili ni gharama. Mwalimu wa shule asiye na jiwe la Bavaria ana duka la vifaa vya ujenzi katika mji wake, na pengine ana jirani mwenye mabamba ya kutupwa. Penseli, silikoni na tona si bure, lakini mrija mmoja wa silikoni hutosha mabamba mengi, maana kinachohitajika ni utando tu. Mtambo ndio mgumu kupata, ingawa mafundi wetu wa jua kali wameonyesha kwamba rola mbili na gurudumu si jambo la kuwashinda.

Lakini asidanganyike mtu. Njia hii imeondoa jiwe, asidi na maji, subira haikuondoa. Imeiongeza hata. Jiwe lina uso mpana wa kusamehe, na fundi hodari aweza kuirekebisha kazi yake mara nyingi. Silikoni inakuuliza mara moja tu: umepaka kiasi gani, umengoja muda gani, na leo kuna joto gani? Majibu yako yanachapwa.

Nakala ishirini

Zilipokauka tulizipanga mezani. Desturi ya wasanii wa uchapaji ni kuandika kwa penseli chini ya kila nakala namba yake, 1/20, 2/20, mpaka mwisho, na kutia sahihi, ili mnunuzi ajue ziko ngapi na kwamba aliyezifanya amezikubali. Mzee alishika penseli, akaiweka chini, akaishika tena.

"Unajua," aliniambia, "miaka yote ile nimechapa vitabu vya shule, kalenda, kadi za harusi, karatasi za kura. Nyumba ngapi zina kazi yangu? Na hakuna hata moja yenye jina langu. Si malalamiko. Ndivyo kazi ilivyo." Akatia sahihi ya kwanza polepole, kama mtu anayejifunza kuandika.

Desturi nyingine ni kuliharibu bamba nakala zikishatimia, ili ahadi ya 20 iwe kweli. Kwa bamba la silikoni msumari watosha. Mpwa wake alipendekeza lihifadhiwe kwa ukumbusho. Mzee akakataa. Alichukua msumari akakwaruza kutoka pembe hadi pembe, akapaka wino, akachapa karatasi moja ya mwisho: foleni ileile, tangi lilelile, na mstari mweusi umepita juu ya wote. Hiyo aliibandika ukutani kibandani. "Kuchapa najua," alisema. "Kuacha ndiko nilikokuwa sijajifunza."

Nakala ya 1/20 aliwapa kina mama wa bombani. Iko katika kioski cha maji, imefunikwa kwa nailoni dhidi ya matone, na wanaosimama foleni hubishana ni nani kati yao aliyechorwa wa mbele. Nilipopita juzi, mmoja aliniuliza kama ni kweli picha hiyo ilichapwa bila maji. Nikamwambia ni kweli. Akatazama mtungi wake, akatazama bomba, akasema, "Basi huyo mzee atufundishe na kupika."

Mkungu wangu wa ndizi uko mbele yangu ninapoandika haya. Nimeuandika 1/1, maana ni mmoja tu uliotoka safi. Jumamosi ijayo narudi na bamba jipya, bila pete.